Chumvi kwa Watoto wa Sungura

Majirani zangu wengi hapa Isevya, mjini Tabora, wanafuga kuku. Mimi nafuga sungura kwa sababu moja tu: hawapigi kelele, na jogoo wa nyumba ya pili anatutosha mtaa mzima. Ninao weupe wenye macho mekundu, wale wafugaji wanaowaita Nyuzilandi. Ninao Kalifonia, weupe pia, ila pua, masikio na miguu utadhani wamechovya kwenye masizi. Waliobaki ni machotara ambao ukoo wao siwezi kuuapia. Wauzaji watakueleza tabia za kila aina kwa kirefu, na nusu ya maelezo ni ya kuuzia. Mimi nilichoona ni kwamba Nyuzilandi ni walafi, Kalifonia ni wapole, na chotara hajali mvua wala jua.

Mengine yanafanana kwa wote. Sungura akiogopa hupiga mguu wa nyuma chini kwa nguvu, na banda zima linatulia. Asubuhi hula kinyesi chake mwenyewe, kile laini cha kwanza, jambo lililomfanya shemeji yangu mmoja asiguse nyama yao mpaka leo. Simlaumu. Nyama inayobaki tunakula sisi.

Mama yangu alikuja kutoka Ulyankulu likizo yangu ya uzazi ilipokwisha. Ninafundisha shule ya msingi Kigwa. Natoka nyumbani alfajiri na kurudi jua likizama. Mwanangu, wakati huo hajaota hata jino moja, alikuwa anashinda mgongoni kwa bibi yake, na maziwa niliyokamua nayaacha kwenye chupa. Mipango mizuri, niliona. Mama hakuona hivyo. Kila nikifungua mlango jioni alimgeuza mtoto anitazame na kumwambia, "Haya, mgeni wako amefika."

Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaacha kucheka, kwa sababu mtoto naye alianza kunitazama kama mgeni. Alinitolea macho kwanza, akafikiri, ndipo akakubali kuja kwangu.

Jioni moja Mama akasema mwezi ukiisha atarudi Ulyankulu, na mtoto ataondoka naye. Atakaa huko mpaka afikie umri wa shule. "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana," akasema, "na wewe hiyo kazi huna nafasi nayo." Mume wangu, ambaye hukubaliana na yeyote aliyesema mwisho, alisema maneno ya Mama yana uzito. Nguo za mtoto zikaanza kuingia moja moja kwenye mfuko uliotundikwa nyuma ya mlango. Kwetu mama hajibiwi papo hapo. Nilichukua majani nikaenda kuwalisha sungura, nikalia huko, maana wao hawaulizi.

Wiki ileile Kalifonia wangu mmoja akazaa. Alikuwa amejing'oa manyoya ya tumboni, akayatandika kwenye sanduku la kuzalia, na ndani yake akaacha vitoto visivyo na unywele hata mmoja, macho yamefumba. Kisha akatoka, akakaa kona ya pili ya banda, akawapa mgongo na kuendelea kutafuna.

Mama, ambaye alikuwa nyumbani mchana kutwa, aliliona hilo na halikumpendeza. Yeye ni mtu wa mbuzi. Kwake mama ni yule anayesimama karibu na mwanawe na kumlamba, mwana akilia naye analia. "Hili jike lako limekataa watoto," aliniambia. Nikamweleza kwamba ndivyo walivyo: sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku nzima, pengine mara mbili, dakika chache, kisha anakaa mbali ili harufu yake isiwaonyeshe adui mahali watoto walipo. Kukaa mbali ndiko kuwalinda kwake.

Mama akanitazama toka juu hadi chini. "Ndiyo maana mnaelewana," akasema.

Siku iliyofuata, nikiwa Kigwa, alifanya anachofanya mfugaji wa mbuzi yeyote mama anapomkataa mwanawe: alichukua chumvi. Mbuzi hapendi mtoto wake, lakini chumvi anaipenda. Ukimpaka mtoto, mama atamlamba, na akilamba sana moyo utamrudia. Mama alitumia chumvi ya Uvinza, ambayo haimwishii nyumbani. Chumvi hiyo wapagazi waliibeba vichwani kupita hapa Tabora kabla ya reli, na kwa imani yake hakuna ugonjwa isioujua. Akavilowesha vitoto, akavipaka, akamkamata jike na kumkalisha juu yao kwa nguvu. Mbuzi huzaliwa na manyoya, chumvi inakaa juu yake. Hivi vilikuwa ngozi tupu. Na jike lilirusha mateke ndani ya sanduku mpaka akaliachia.

Niliporudi hakunificha. Alinionyesha waliokufa, amewafunga kwenye ganda la hindi kwa heshima, akasema, "Nilikuwa nawaokoa." Waliobaki niliwaosha kwa maji ya uvuguvugu, nikawakausha kwa khanga na kuwarudisha kwenye manyoya yao. Nilikuwa na hasira. Si hasira ya sungura peke yake. Niliutazama ule mfuko nyuma ya mlango nikaona kitu kilekile: anaokoa.

"Najua, Mama," nilimwambia. "Kesho Jumamosi, siendi kazini. Amka na mimi alfajiri ukae uone. Ukiona amewakataa, mchinje mwenyewe."

Alikubali haraka. Nadhani alishaanza kufikiria mchuzi.

Tulikaa kwenye vigoda karibu na banda, mtoto ananyonya ndani ya kitenge changu. Kulipoanza kupambazuka jike likaacha kutafuna. Likasikiliza. Likaruka ndani ya sanduku, likasimama juu ya manyoya bila hata kulala, na chini yake kukawa na msukosuko mdogo, vitoto vimelala chali vinavuta. Chai isingewahi kuchemka. Mara likatoka, likajipangusa uso, likarudi kwenye kona yake na kuwapa watoto mgongo.

Mama aliinuka akaingiza mkono sandukuni. Akatoa kimoja, akakiweka kiganjani. Tumbo lilikuwa limejaa duara, na kupitia ngozi ile nyembamba maziwa yalionekana meupe. Alikitazama muda mrefu kisha akakirudisha, akakifunika vizuri.

"Tulipofika Ulyankulu, wakimbizi kutoka Burundi, tulipewa pori tufyeke," akasema akiwa bado amenipa mgongo. "Nilikuwa msichana. Nikakuta kitoto cha sungura wa porini kwenye nyasi. Wale hawachimbi shimo; huzaliwa na manyoya, macho wazi. Kilikuwa peke yake, kimetulia tu. Nikasema mama yake mbaya, amekitupa. Nikakibeba nyumbani, nikakipa maziwa ya mbuzi. Kikafa."

Nilidhani amemaliza.

"Jioni nilirudi kuchukua jembe. Nikamwona mama yake. Alikuwa anazunguka pale pale nilipokitoa. Anaenda, anarudi. Giza likaingia bado anazunguka."

Alitazama mtoto aliyekuwa ameshiba na kusinzia kifuani kwangu, akaingia ndani kuwasha moto. Siku ile hatukuzungumza zaidi ya habari za chumvi na sukari, na mimi kuhusu safari sikuuliza. Jumapili alikwenda misa, akarudi, akapika. Mfuko ulikuwa bado nyuma ya mlango. Jumatatu nilitoka na giza langu kama kawaida, na kule Kigwa nilifundisha kujumlisha huku mwenyewe sijui nimebakiwa na nini.

Nilirudi jua likizama. Nguo za mtoto zote, hata zile safi zilizokuwa kwenye mfuko, zilikuwa zimefuliwa na kuanikwa kwenye kamba uani. Mama alikuwa amekaa mlangoni, mtoto mapajani, wametazama njia ninayokuja nayo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akamwinua mtoto, akamgeuza kwangu. "Haya," akamwambia, "mama yako amerudi."