Jina Nililolikata kwa Wino Mwekundu

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ilikuwa Alhamisi ya tatu ya mwezi wa Oktoba, na mvua ilianza saa nane kasorobo mchana. Wakati huo niliishi Muleba, upande wa Nshamba, mume wangu akiwa hai, na ilikuwa imepita miezi kumi na minne tangu nihitimu darasa la watu wazima. Nilijifunza kusoma nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Nakutajia hayo ili uelewe jinsi kalamu ilivyokuwa ngeni na tamu mkononi mwangu.

Wanawake wa kitongoji chetu tulikuwa na kikundi cha kusaidiana katika misiba na harusi. Kabla yangu hakikuwa na maandishi yoyote. Waliponichagua kuwa katibu, nilinunua daftari la jalada gumu, nikachora mistari kwa rula, nikaandika majina kumi na tisa, na mbele ya kila jina nikaacha nafasi ya tarehe. Niliandika pia kanuni, na kikao kikaipitisha kwa makofi: atakayekosa vikao vitatu mfululizo bila taarifa, jina lake litaondolewa.

Wa kwanza kukosa vitatu alikuwa Paskazia, jirani yangu, ambaye kibanja chake cha migomba kilipakana na changu. Huyu ndiye aliyekaa na wanangu jioni zote nilizokwenda darasani. Aliniita dada, nami nilimwita hivyo hivyo, ingawa hatukuwa wa damu moja. Nilijua kwamba mama mkwe wake alikuwa kitandani, hageuki bila kugeuzwa. Nilijua, lakini taarifa haikuletwa kikaoni, na daftari langu halikuwa na safu ya mambo ninayoyajua. Nikalisoma jina lake mbele ya watu, nikalikata kwa wino mwekundu, nikaandika tarehe.

Wiki sita baadaye yule mama mkwe akafariki. Asubuhi ya Alhamisi ile niliyokutajia, wanawake wawili walikuja kuniuliza kama tunakwenda.

"Kikundi hakiendi," nikawajibu. "Si mwanachama. Anayetaka, aende kwa nafsi yake."

Wakatazamana, wakarudi makwao. Kila mmoja akamngoja mwenzake atangulie, maana hakuna aliyetaka kuonekana anavunja kanuni.

Kwetu mfiwa hashiki kisu. Wanawake huja na visu vyao kumenya ndizi za wageni, kisha hutandika nyasi sakafuni wakalala naye. Mfiwa anayejipikia huhesabiwa kuwa hana watu, na neno hilo humfuata maisha yake yote.

Saa nane na nusu Ma Leokadia akapita uani kwangu, mkeka kichwani, jani la mgomba juu yake kwa ajili ya mvua, kisu mkononi. Alikuwa mzee kuliko sote kitongojini, na katika kikundi hakuwahi kujiandikisha, kwa madai kwamba vikao vinamchosha mgongo.

"Mbona umekaa, Mwalimu?" aliniuliza. Mwalimu lilikuwa jina lake la kunitania.

"Shikamoo, Ma. Kikao kiliamua..."

"Jina langu limo katika daftari lako?"

"Halimo, Ma."

"Basi hakuna wa kunifuta." Akasogea hatua mbili, kisha akageuka. "Paskazia anamenya ndizi mwenyewe. Nimeambiwa na mpita njia, mtu wa kata nyingine. Wewe kaa na daftari lako. Siku yako ikifika, likumenyee."

Hakungoja jibu. Nilifunga daftari, nikatafuta kisu.

Nilimkuta Paskazia jikoni, juu ya kigoda, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu wa ndizi, na wageni wa ukoo wa mumewe wakimtazama kutoka mlangoni. Ma Leokadia alikuwa ameshaketi kando yake na kuanza kazi. Nilinyoosha mkono nipokee kisu cha Paskazia. Akakishikilia.

"Amekuja Katibu, au amekuja nani?"

Mkono sikuurudisha.

"Nimekuja kumenya," nikasema.

Akanionyesha kwa kidevu mikungu iliyokuwa nje, mvua inakonyesha. "Anza na hiyo."

"Na usisahau kuandika tarehe," akasema Ma Leokadia bila kuinua kichwa.

Nikaanza nayo. Wanawake waliokuwa wakichungulia kutoka vibanjani mwao waliponiona nimelowa, walikuja mmoja mmoja na visu vyao. Kabla ya saa kumi na moja Paskazia alikuwa ameketi kwenye nyasi kama mfiwa anavyopaswa kuketi, kichwa chake kimeegemea bega la mtu. Bega hilo halikuwa langu.

Katika kikao kilichofuata tulirudisha jina lake. Alishukuru, akasema halihitaji. Tuliendelea kuwa majirani wema kwa miaka mingi. Tulipeana mbegu za maharage, tuliamkiana kila siku. Lakini tangu Alhamisi ile hadi nilipohamia Rwamishenye kwa binti yangu, aliniita Katibu. Hata katika msiba wa mume wangu, alipokaa nami siku zote nne akimenya, aliniita Katibu.

Nimeyaandika haya, mwanangu, kwa sababu Jumapili iliyopita wasichana wawili wa Kahororo walinionyesha kwenye simu, wakicheka, jinsi walivyomtoa mwenzao katika kundi lao kwa kuwa hakushona sare ya harusi. Kundi wameliita la madada. Sababu ya kutoshona hawaijui, na hawakuuliza.

Sikukatazi kuunda kikundi, wala kuandika kanuni. Chama kisicho na kanuni hakidumu. Chama kina mlango wa kuingilia na wa kutokea, na katibu anayesimama mlangoni anafanya kazi halali. Udada hauna katibu. Huanza siku mtu anapokushikia wanao ili wewe uende utakako, na ukishaanza huna mamlaka ya kuufuta, ila unaweza kuujeruhi. Kwa hiyo, kabla hujaliondoa jina la mtu, nenda kwake kwa miguu, ukae, uulize. Na kama umeshaliondoa, usitume ujumbe. Nenda ukafanye kazi atakayokuonyesha, wala usidai kuitwa tena kama zamani.

Mungu akujalie watu wa kuingia kwako bila kungoja kualikwa, nawe uwe mtu wa namna hiyo kwa wenzako. Uzeeke ukiitwa dada.