Blada Yangu na Kwodi ya Baba

Enzi zetu, chombo kikikataa kuwaka kilisukumwa. Hatukuuliza kama kinasukumika. Jirani akitoka asubuhi na tai shingoni, akageuza ufunguo mara tatu gari likanyamaza, wanaume wa ploti, wapangaji wenzetu wa ua mmoja, walikuwa tayari wanakunja mikono ya mashati kabla hajashuka. Sisi watoto tulienda nyuma ya bampa na sare zetu za shule, huku mama zetu wakipaza sauti kutukumbusha kwamba soksi zile ni nyeupe. Leo kijana gari lake likizima huko Kilimani analipiga picha kwanza. Kisha anaita teksi kwa simu na kuondoka, gari analiachia mlinzi wa geti alitunze.

Nayakumbuka hayo kwa sababu nyumbani kwetu, mtaa wa Mountain View jijini Nairobi, tulisukuma kitu kimoja karibu muhula mzima, na kitu chenyewe hakikuundwa kuwashwa kwa kusukumwa.

Baba alikuwa dereva wa familia moja ya Lavington. Kwa miaka tisa aliwapeleka watoto wao shule kwa gari, akawarudisha, kisha akaja kwetu kwa miguu. Familia ile ilipohamia ng'ambo ilimwachia barua nzuri ya shukrani na kwodi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, ambayo watoto wao walikuwa wakiizungusha bustanini mpaka maua yakaisha. Kazi nayo ikaisha siku hiyo hiyo. Baba alifika nayo nyumbani jioni akiwa ameketi wima, koti lake la kazi limefungwa vifungo vyote. Mama alikuwa anakaanga mandazi. Aliitazama, akageuza mandazi, akaitazama tena.

"Baba Mwende, sasa hii utaipeleka wapi?"

Baba alikuwa na mpango. Maji ya mfereji yalikuja kwetu siku mbili kwa wiki, tena kwa kujisikia. Upande wa juu wa mtaa, kwenye mlima ambao hata mikokoteni iliukwepa, Mama Shiru alikuwa na nyumba za kupangisha, na wapangaji wake walikuwa wamechoka kuoga kwa kikombe. Baba alimwendea akaeleza habari za kwodi na tela dogo la kubebea mitungi. Mama Shiru alisema atampa kazi ya maji ya nyumba zote, lakini kwanza aone. Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufungwa Agosti, afikishe mitungi kumi juu bila kusimama njiani. Ikishindikana, Baba alituambia tukila githeri, tutarudi Machakos kulima. Alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba chumvi.

Nilikuwa darasa la tano na sikuitaka Machakos. Nilimpenda nyanya yangu wa huko na hata mbuzi wake, lakini marafiki zangu walikuwa Mountain View, na mimi ndiye niliyemiliki blada. Kwa vijana wanaosoma haya, blada ni kamba ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Wasichana wawili waliivaa miguuni wakaivuta, na wa tatu akaruka, kwanza vifundoni, halafu magotini, mpaka kiunoni. Haikuhitaji chaji.

Nyumba yetu, lazima niseme, ilikuwa nyumba ya kufunika vitu. Rimoti iliishi ndani ya nailoni. Makochi yalivaa vitambaa vya kufuma, runinga ilikuwa na chake chenye ua katikati, na redio ilifunikwa hata ikiimba. "Kitu ikifunikwa inakaa," Mama alisema, na kweli vilikaa, ingawa sikumbuki tulivitumia lini. Usiku wa kwanza tu kwodi ilikuwa imeshavalishwa nailoni kwenye kiti.

Wiki ya kwanza ilitembea vizuri. Kisha mvua ikanyesha, nami nikamsikia Baba akimwambia Mama kwamba maji yakiingia kwenye petroli, injini imekwisha. Niliondoka mezani, nikachukua mfuko wa mkate, nikaufunika mfuniko wa tangi. Nikakata kipande cha blada yangu, nikakizungusha mara sita na kukivuta mpaka vidole vikaniuma. Kukata blada hakukuwa jambo dogo, maana tulikuwa na mashindano Ijumaa. Nilienda kulala nikijua nimeokoa ukoo mzima.

Kesho yake kwodi ikaanza kukohoa. Iliwaka, ikatembea kama dakika tano, ikapiga chafya mbili, ikazima. Hakuna aliyehusisha mambo hayo mawili, na mimi nilikuwa wa mwisho kabisa. Baba alipofungua tangi kuongeza petroli aliikuta nailoni. Aliivua taratibu, akaongeza, akairudisha kama alivyoikuta. Kwetu kitu chenye nailoni hakikuulizwa.

Wanaume wa ploti wakaja na mikono ya mashati ikakunjwa. Waliisukuma asubuhi, wakaisukuma jioni, wakaisukuma wakitoka kanisani. Baadaye sana niliambiwa kwamba ile haikuwa na gia za kuiwasha kwa kusukumwa, kwa hiyo wangeweza kuisukuma mpaka Naivasha na isingewaka. Wakati huo kila mmoja alisema alihisi imekaribia.

Ndipo akaja Fundi Njoro, aliyetengeneza pikipiki kando ya Waiyaki Way. Alitoa plagi, akaisugua kwa msasa, akafungua tangi kuona kama petroli ipo, akawasha. Ikawaka. "Ilikuwa plagi," akasema, akaenda zake. Mimi nikafunga nailoni. Kesho ikazima. Alirudi, akaosha kabureta kwa mswaki, akachungulia tangi, ikawaka. "Ilikuwa kabureta." Nikafunga nailoni. Baada ya hapo ilikuwa betri, halafu chujio la hewa. Hata pasta alipita akaiwekea mkono na kuiombea, ikawaka mara moja, kwa kuwa Fundi Njoro alikuwa ametoka tu kuchungulia tangi. Tulitoa shukrani Jumapili. Jumatatu ikazima.

Baba alianza kukonda. Kila asubuhi alinyoa ndevu, akavaa koti lake la kazi, akatoka kwenda kuketi juu ya kwodi iliyozima, mikono kwenye usukani. Nilimwona kupitia dirishani nikinywa uji, na niliumia hata uji ukanishinda. Kwa hiyo kila jioni niliongeza mzunguko mmoja wa blada, nikavuta zaidi.

Jumamosi ikafika. Mama Shiru alisimama juu mlimani na mwavuli wake. Baba alipakia mitungi kumi kwenye tela, akafunga vifungo vya koti, akawasha. Kwodi ilipita duka la mboga, ikapita kanisa, ikaanza kupanda. Sisi watoto tulikimbia kando yake tukipiga kelele. Katikati ya mlima ikapiga chafya ya kwanza. Ikapiga ya pili. Kimya.

Wanaume walikuja wakikunja mikono ya mashati, lakini Fundi Njoro, aliyekuwa amekuja kutazama, aliwazuia. Alifungua blada yangu kwenye mfuniko, mzunguko baada ya mzunguko, nayo ilikuwa mizunguko mingi. Alipoufungua mfuniko, tangi likavuta hewa kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Mzee," alisema, "hii kitu imekuwa ikinyimwa pumzi. Mfuniko iko na katundu ka hewa, na mtu ameziba. Nani alifunga hii?"

Mama Shiru alikuwa ameshashuka. "Eeh, nani alifunga?"

Baba aliichukua ile blada. Hakukuwa na mzazi mtaani asiyejua ni nani wanaotembea na vipande vya blada. Aliitazama, akaniangalia mimi niliyesimama kando ya mtaro. Akaitia mfukoni.

"Ni mimi," akasema. "Nilifikiria mvua."

"Wewe? Dereva wa miaka tisa?"

"Ni mimi."

Mama Shiru hakuwa mtu mbaya, na alionekana kusikitika kwelikweli. "Ingekuwa ni mtoto ningecheka tu, yaishe. Lakini mtu mzima kufunga tangi na nailoni? Hapana, Baba Mwende. Siwezi wachia wewe maji ya wapangaji wangu. Pole."

Kwodi iliwaka kwa mguso mmoja. Baba aliipandisha mpaka juu, akashusha mitungi yote kumi, akaipanga mstari mlangoni kwa Mama Shiru, akateremka. Haikukohoa hata mara moja.

Tulihamia Machakos Agosti ile. Kule kwodi ilibeba maji kutoka mtoni kwa miaka mingi bila shida yoyote. Baba hakuitaja siku ile kamwe, wala mimi sikuthubutu. Alipofariki nilikuwa chuoni, na matangani majirani wa zamani walisimulia habari za dereva hodari aliyefunga tangi la petroli kwa nailoni kwa mikono yake mwenyewe. Watu walicheka sana. Nami nilicheka nao, Mungu anisamehe.

Sasa naishi Kilimani, ghorofa ya nne. Binti yangu ana miaka kumi, na ukimwambia aruke blada anauliza inapatikana kwenye simu gani. Napenda kulalamika kuhusu watoto wa leo, kwamba hawasukumi kitu, hawafungi kitu, hawajui hata harufu ya petroli. Shangazi zake wananiunga mkono.

Mwezi uliopita mlinzi alibisha mlangoni akiwa na jirani yetu wa chini. Kuna mtu amekwaruza gari la jirani kwa baiskeli, mkwaruzo mfupi kuliko kidole, na jirani alitaka tu kujua ni nani. Binti yangu alikuwa amesimama kando yangu, ameshika sketi yangu. Swali halijaisha, nilikuwa nimeshamnyooshea kidole.