Weka Mkono Kwanza

Kambini walimwita Mkono, na jina hilo alilipata kihalali. Kabla ya kumimina spiriti kwenye jiko, hata kama jiko lenyewe lilizimwa tangu jana, alitandaza kwanza kiganja chake juu ya kikombe cha shaba, akatulia kidogo kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa, ndipo akafungua chupa. Wapima ardhi sita aliokuwa akiwapikia walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Hakujali. Moto wa spiriti juani hauonekani. Unaweza kuutumbulia macho saa sita mchana ukaapa umezimika, kumbe unawaka na unakungoja wewe na chupa yako.

Mkono alikuwa amechukuliwa kwa miezi mitatu tu. Zamani alipika kwenye jiko la shule ya bweni, hatua chache kutoka nyumbani kwake, na kila jioni alilala kitandani mwake na mke wake. Siku moja Mpima Mkuu akapita pale shuleni, akala, akaomba aongezwe, kisha akauliza nani kapika. Mkono akamuaga mkewe akamwambia atarudi kabla mvua haijaanza kuvuja darini. Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita. Bati lile lililokuwa likivuja limeshabadilishwa mara mbili, na mara zote mbili aliyesimamia fundi ni mke.

Kazi yao ilikuwa kuweka mipaka katika msitu wa kupandwa, misonobari iliyopangwa mistari mpaka macho yachoke. Huko kuni ni marufuku, na mkaa vilevile, maana cheche moja ingetosha kuteketeza kila kitu, wapima ardhi na darubini yao wakiwemo. Ndiyo maana Mkono alipikia spiriti. Alikuwa na majiko mawili madogo, kila moja kikombe cha shaba chenye matundu pembeni, kipande cha bati cha kukinga upepo, na miguu mitatu ya kushika sufuria. Vyote vilienea kwenye sanduku la mbao alilolibeba mgongoni. Vifuniko vya kuzimia navyo vilikuwa viwili, lakini kimoja kilichukuliwa na maji mwaka wa nne, kikabaki kimoja chenye kishikio cha waya. Mwenye akili hapulizi moto wa spiriti, kwa sababu ukipuliza unamwagika ukiwa unawaka. Unaufunika, unausubiri ukose hewa, basi.

Kila walipohamia, yeye alifagia duara la hatua saba mpaka udongo ukabaki mtupu, akaweka majiko katikati. Baada ya siku tatu au nne wanahama, anafagia duara jingine. Miti ni ileile, pande zote ni ileile. Kuna asubuhi aliamka akapika uji, akawagawia watu, kisha akasimama na mwiko mkononi asijue kama yuko kambi ya juzi au ya mwaka juzi. Siku hiyo alikaa chini palepale. Alikuwa kifungoni, jamani, na hata kamba yenyewe hakuiona.

Simu ilishika mtandao kwenye kilima kimoja tu, na Mkono alikipanda kila Jumapili. Mkewe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwa mwaka ule ukungu ulikuwa umezidi. Lakini ukimsikiliza kwenye simu, ungedhani ni mchezo.

"Jana nimetia chumvi kwenye chai," alisema huku akicheka. "Jirani kanywa yote kwa heshima, maskini. Alipofika mlangoni ndipo nikamsikia anatema."

Mkono naye akacheka. Halafu akasikia vurugu, simu ikabadilisha mkono, na sauti ya jirani ikaingia bila salamu.

"Shemeji, huyu anakuficha. Chumvi si kitu. Juzi mkono wa gauni umeshika moto jikoni, mimi ndiye niliyeuzima na ndoo ya maji. Hakuuona, shemeji. Aliusikia harufu tu. Wewe unapikia nani huko?"

Mkono akakata simu. Alishuka kilima akiwa haoni njia, akaenda moja kwa moja kwenye hema la Mpima Mkuu.

Mpima Mkuu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Angekuwa mkorofi, Mkono angeshaondoka zamani. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akampa kiti.

"Pole sana, Mkono. Pole kweli. Utakwenda. Acha tu mstari huu ufike mtoni. Siwezi kuwaacha vijana na njaa katikati ya pori."

Mistari! Mkono alishasubiri mstari ufike kwenye bonde, mwingine ufike kwenye jabali, mwingine ufike barabara ya magogo. Alikuwa amepigwa danadana kwa upole miaka kumi na tisa, na kila mara alitoka hemani akiwa ameshukuru. Likizo alipewa siku saba kwa mwaka, mbili zikiishia njiani. Na gari la mahitaji lilikuja mara moja kila wiki mbili, na hakuna aliyepanda bila Mpima Mkuu kusema apande.

Si kwamba hawakujaribu kumtafutia mtu wa kushika nafasi yake. Mwaka uliotangulia alikuja mpishi wa hoteli, mtu mzima mwenye kofia ndefu nyeupe ndani ya mfuko wa nailoni. Mkono alimwambia, "Weka mkono kwanza," akamwambia tena, akamwambia mara kumi. Siku ya pili, jua la utosi, bwana yule akaona jiko limezimika, akamimina. Moto ukapanda mpaka kwenye chupa. Akaondoka na gari lililofuata, bila nyusi, na kofia akaisahau. Tangu hapo Mpima Mkuu alisema wazi kwamba hataki tena kuhatarisha mtu, na msitu juu yake.

Basi Mkono akaamua kufukuzwa. Nakuambia, mtu huyu aliyekuwa akipima chumvi kwa vidole vitatu na hajakosea tangu ujana wake, alishika kopo akalitikisa juu ya maharage mpaka mkono wenyewe ukamuuma. Akawapakulia. Akasimama pembeni, akingoja kutukanwa.

Mpima Mkuu akatafuna, akatafuna tena. "Jamani, mnaona mtu anayefikiria?" akawaambia wenzake. "Leo tumetoka jasho la kufa mtu, na yeye kaongeza chumvi. Mkono, Mungu akuweke."

Wakala wakamaliza. Mkono akaenda nyuma ya hema, akalia. Usimcheke. Mtu ukisifiwa hata kwa ubaya wako, utatokea wapi?

Mstari ukafika mtoni siku ya Jumanne. Mkono alikuwa ameshafunga begi lake. Mpima Mkuu akasimama ukingoni, akaweka darubini, akatazama ng'ambo, akaita, "Kesho tunavuka. Ng'ambo ndiyo kazi yenyewe!" Mkono akalifungua begi, akatoa shati la kazi.

Gari la mahitaji lilifika Ijumaa, saa sita mchana, wali ukiwa kwenye jiko moja na maharage kwenye jingine. Watu walikuwa wamekaa kivulini na sahani zao magotini. Dereva akazunguka akafungua mlango wa mbele, akampa mtu mkono ashuke. Akashuka mwanamke mwenye kikapu, akigusa ardhi kwa mguu kwanza, kisha akainua uso kama anayenusa.

"Vitunguu umevikaanga vizuri," mkewe akasema. "Kwa hiyo hujambo."

Mkono akamkimbilia. Alitaka kumkumbatia, akakumbuka ana mwiko, akamkumbatia na mwiko wake.

"Umekujaje peke yako?"

"Kwa mdomo. Nimeuliza watu njia nzima. Nimekuja kukuchukua, mzee. Gari linarudi saa ngapi?"

Kabla hajajibu, Mpima Mkuu alikuwa ameshafika, uso umechanua, mikono yote miwili mbele.

"Mama, karibu sana! Sasa huu ndio uamuzi! Hema la stoo tutalitoa mizigo leo hii, mtakaa humo, kitanda tunacho. Mkono, tatizo limekwisha! Huna tena sababu ya kutoka."

Na watu wakapiga makofi. Walifurahi kwa dhati, wale watu. Kibaya zaidi ni kwamba Mkono mwenyewe, kwa dakika moja, alifurahi nao. Kisha akamwona mkewe amesimama ndani ya duara lililofagiwa, miti imemzunguka pande zote bila yeye kuiona, na ile furaha ikamwisha. Sasa walikuwa wamefungwa wawili.

Mkewe hakubisha. Alimshukuru Mpima Mkuu, akaweka kikapu chini, akauliza, "Na hilo jiko unalonisimulia kila Jumapili liko wapi?"

Mkono akamshika kiwiko, akamchuchumaza mbele ya majiko. "Angalia, linawaka."

"Niangalie nini, mwenzangu?"

"Hata sisi hatuoni. Juani moto huu hauonekani."

Mke akageuza uso upande wa wale watu waliokaa na sahani. "Kumbe na nyinyi wenye macho hamwoni!" Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Sasa unajuaje?"

"Unaweka mkono kwanza. Taratibu. Hapo."

Akatandaza kiganja, akakitelezesha hewani mpaka joto likamsimamisha. Akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. "Na kuuzima?"

"Kuna kifuniko, hiki. Unaufunika tu."

Mke akakichukua kifuniko kwa kile kishikio cha waya. Kwa mkono wa pili akashika pindo la gauni lake, akaiepua sufuria ya wali, akaufunika moto. Akasubiri. Akaiepua ya maharage, akapima joto kwa kiganja, akafunika jiko la pili. Wote walikuwa wanamtazama, na hakuna aliyeelewa anachofanya mpaka alipokwisha kukifanya.

"Gari linarudi saa ngapi?" akauliza tena.

"Sasa hivi," dereva akajibu. "Nina safari nyingine."

"Mkono," Mpima Mkuu akaita, kwa sauti ya chini kabisa. "Wali haujaiva."

Mkono aliutazama wali. Ulihitaji dakika kumi, si zaidi, na katika maisha yake hakuwahi kuacha sufuria katikati. Dakika kumi tu. Akamtazama mkewe, akaona mkono wa gauni lake una kiraka kipya kuanzia kifundoni mpaka kiwikoni.

"Najua, bosi," akasema.

Akachukua begi. Sanduku akaliacha. Alimpandisha mkewe, akapanda naye bila kungoja Mpima Mkuu aseme apande, na gari likaondoka wale watu wakiwa bado na sahani magotini. Walikuwa wamekwenda kama hatua thelathini alipoona kitu kinang'aa mapajani mwa mkewe. Kilikuwa kile kifuniko.

Wangewasha tena, wali uive. Halafu wangepuliza. Na majani makavu ya misonobari yamelala kila mahali nje ya duara.

"Simama, dereva! Nikirudishe mara moja tu."

Gari likapunguza mwendo. Mkewe hakumzuia. Alikichukua kifuniko mapajani, akamkabidhi, akasema polepole, "Ukishuka, hutapanda tena. Unajua hivyo, na mimi najua."

Mkono alijua. Mlango ulikuwa umefunguka nusu na mguu wake mmoja ulikuwa umeshaning'inia nje. Kule nyuma Mpima Mkuu alikuwa amesimama katikati ya duara, mikono ikimning'inia tu. Mkono akatoa mwili nusu, akakirusha kifuniko kwa nguvu zake zote, kikaanguka vumbini karibu na majiko.

"Weka mkono kwanza!" akapiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Bosi! Mkono kwanza, ndipo umimine!"

Akaufunga mlango. Dereva akakanyaga mafuta.

"Wamekiokota?" mkewe akauliza, baada ya muda.

"Sikuangalia."

Aliangalia. Mpima Mkuu mwenyewe ndiye aliyeinama akakiokota, akakipangusa kwa shati lake, kisha akapiga magoti mbele ya jiko baridi na kutandaza kiganja juu yake.