Mfua Mishipi wa Nguvumali Ataka Mstari Mmoja Ukatwe

Saa saba mchana, na bati lililoegemezwa ukutani limekwisha kuwa moto wa kukaangia. Mwanamkasi binti Uweso anatandaza juu yake vipande viwili vya mshipi wa kuvulia, kimoja cha rangi ya maziwa, kingine cha kijani, kisha anarudi barazani kwake na kuendelea kusuka ukili wa mkeka. Akimaliza urefu wa shubiri moja, muda umetosha.

Msafiri, mwenye mtumbwi wa kukodisha, anachuchumaa kando yake na kuzitazama fimbo mbili za kuvulia alizozilaza mkekani.

“Bi Mwanamkasi, mgeni wangu ananingoja pwani,” anasema. “Tunakaanga mshipi hapa, au samaki?”

“Samaki utamkaanga ukimpata. Kaa kitako.”

“Nimekaa. Miguu imekufa ganzi.”

“Basi iache ife kimya.”

Shubiri inatimia. Mwanamkasi anainuka, anauvuta mshipi wa kijani kati ya kidole gumba na cha shahada. Unanata. Mafuta yaliyopakwa juu yake yamelegea kama samli, na kidole kinabaki na rangi. Anauvuta mweupe. Unapita mkavu, umenyooka, na sauti yake inasikika.

“Huu,” anasema. “Ule wa kijani mwambie aurudishe kwao kwenye baridi, akavulie mitoni. Na fimbo achukue hii ndefu, ya futi tisa.”

“Mwenyewe anaipenda fupi. Anasema ni nyepesi.”

“Fupi ni ya mtu aliyesimama. Yeye atakaa kitako mtumbwini, yuko shubiri tatu tu juu ya maji. Akiurusha mshipi nyuma kwa fimbo fupi, utapiga maji kabla haujaenda mbele. Halafu atasema mtumbwi wako mbaya.”

Msafiri anacheka, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa juzi.

Uvuvi wanaouzungumza ni ule ambao Wazungu wa mashambani na wa bandarini wanaupenda siku hizi: mvuvi mmoja, na mpiga kafi nyuma yake, katika mtumbwi mdogo, kwenye maji haba ya miamba na mikoko, anatupa chambo kilichofungwa kwa manyoya ya kuku. Mshipi hauna risasi ya kuuzamisha. Uzito wa mshipi wenyewe ndio unaokibeba chambo. Ukinata kwenye pete za fimbo, chambo hakiendi, na samaki mkubwa kama kolekole akishika wakati huo, kitu fulani lazima kikatike.

Hakuna mtu hapa Tanga anayeyajua mambo hayo kwa vidole vyake kuliko mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita, ambaye hajawahi kuvua samaki hata mmoja kwa fimbo. Miezi miwili iliyopita aliachishwa kazi kwa kuambiwa hayajui.

Alianza kazi mwaka 1946, katika klabu moja ya wavuvi wa kujifurahisha upande wa Raskazone. Alichukuliwa afue vitambaa vya meza. Siku moja alikuta mishipi ya hariri imetupwa kwenye ndoo, imejaa chumvi, imeanza kuoza. Aliisuuza, akaianika kivulini, akaipaka nta. Tangu siku hiyo vitambaa akapewa mwingine.

“Mtu aliyesuka ukili tangu utoto,” anasema, “uzi ukimpita mkononi anajua ulipo ugonjwa.”

Alijifunza kwamba fimbo za mwanzi uliochanwa na kugandishwa huachana gundi zikiachwa na chumvi usiku mmoja. Alijifunza kufunga pete upya kwa uzi na kuupaka vanishi. Fimbo mpya za nyuzi za kioo zilipofika, wengine wakizidharau, yeye alisema hizo ndizo za bahari hii. Wavuvi walikuwa wakipitia mlango wa nyuma na kumwonyesha walichonunua, naye akawaambia kifaacho na kisichofaa. Kwa kazi hiyo alilipwa shilingi arobaini na mbili kwa mwezi, na katika daftari la mishahara aliandikwa “dobi”.

Mlango wa mbele hakuupita hata mara moja katika miaka kumi na mmoja.

Januari mwaka huu sanduku la mishipi mipya liliingia, kwa ajili ya mashindano ya Februari. Kamati ilikuwa imeichagua kutoka kitabu cha picha. Mwanamkasi aliugusa mmoja tu, akamwendea karani wa klabu, Bwana Zebedayo, mtu wa Magila.

“Nilimwambia, Bwana Zebedayo, mishipi hii mafuta yake yamepikwa kwa nchi za baridi. Jua la kaskazi litaiyeyusha. Waambie wakubwa wako.”

Bwana Zebedayo hakuwaambia. Hakatai jambo hilo. Akiulizwa, anavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu.

“Nilifika mlangoni,” anasema. “Walikuwa wanacheka, wamefurahi. Nikafikiri, nikisema kwamba dobi ameikataa mishipi yao, kicheko kitanigeukia mimi. Nikarudi.”

Siku ya mashindano, kwenye miamba ya Ulenge, jua lilipopanda mishipi iliganda kwenye pete mmoja baada ya mwingine. Fimbo mbili zilivunjika. Mkubwa mmoja alipoteza kolekole ambaye Msafiri, aliyekuwa nyuma yake na kafi mkononi, anasema angelisha watu wa mtaa mzima.

Jioni ile kamati ilikaa. Haikumwita Mwanamkasi. Haikumwita Msafiri wala mwenye mtumbwi yeyote. Ilimwamuru Bwana Zebedayo aandike katika kitabu cha kamati, naye akaandika kwa mwandiko wake mzuri: “Mishipi sita imeharibiwa na mfuaji kwa uzembe. Aachishwe kazi mwisho wa mwezi.”

Uzembe! Mishipi minne kati ya hiyo sita ilikuwa haijawahi kufuliwa. Ilitoka sandukuni asubuhi ile ile, ikafungwa kwenye vigurudumu vya fimbo, ikaingia baharini. Mtu anawezaje kukiharibu kwa kufua kitu ambacho hajakifua?

Mwanamkasi aliuliza swali hilo akiwa amesimama uani, na mkalimani wake alikuwa Bwana Zebedayo. Aliomba kitu kimoja tu. Sandukuni umebaki mshipi mmoja haujafunguliwa. Ufunguliwe mbele yao wote, ulazwe juani mpaka adhuhuri, washike wenyewe.

Jibu lilikuja kwamba mshipi usiofunguliwa hauna kosa.

“Nikavaa kanga yangu nikaondoka,” anasema. “Njiani watu wananiuliza, Bi Mwanamkasi, mbona mapema leo? Nikasema kichwa kinaniuma. Ndiyo mara ya kwanza nimesema uongo kwa ajili ya kazi ile.”

Yaliyofuata yalimuumiza zaidi. Neno la klabu lilishuka mpaka mtaani. Jirani aliyekuwa akimpa shuka za harusi azifue akazichukua tena, kwa upole, akisema atazifua mwenyewe. Mwanamke aliyekwisha kuandikwa mzembe na Wazungu, nani atampa kitu chake?

Mahali pake akawekwa Manase, kijana mtiifu aliyekuwa akipanga viti. Manase alifanya yote aliyoyaona: alisuuza, akaanika kivulini, akapaka nta. Lakini wiki ya tatu hata mishipi ya zamani, ile mizuri, ikaanza kuota madoa meusi na kukatika kama uzi wa buibui. Pete zikashika kutu.

Kumbe hakuna aliyejua maji ya Mwanamkasi yalitoka wapi.

Klabu ina kisima chake, maji meupe, ya kupendeza kuyatazama. Lakini kila mwanamke wa pwani anajua kwamba maji hayapimwi kwa macho. Yanapimwa kwa kunde na kwa sabuni. Maji ya kisima kile hayaivishi kunde hata ukichochea kuni mpaka magharibi, na sabuni ndani yake haitoi povu. Yana chumvi. Mwanamkasi aliyaonja siku yake ya kwanza, akayatema. Tangu hapo, kila siku ya kazi kwa miaka kumi na mmoja, alibeba debe la maji kichwani kutoka bomba la Nguvumali, karibu mwendo wa saa nzima, au alikinga ya mvua ilipokuwapo.

Kwa nini hakusema?

“Hawakuniuliza,” anasema, bila kuinua sauti. “Waliniona nikiingia na debe kila siku. Labda walidhani napenda kubeba.”

Wakati huo huo Msafiri alipewa na mgeni mmoja mshipi wa aina ile ile ya mashindano, ungali katika karatasi yake. Aliulaza mtumbwini mchana, akawaita wenzake. Ukanata kama gundi. Ufukweni sasa kila mtu anajua ukweli, wenye mitumbwi na wageni wao. Ndiyo maana fimbo na mishipi vinamfuata Mwanamkasi barazani, na kila anayemjia humwachia senti hamsini, wengine shilingi. Lakini katika kitabu cha kamati maneno ni yale yale.

Wiki iliyopita Bwana Zebedayo alitumwa kwake. Alikaa kwenye mkeka, hajui miguu aiweke wapi.

“Bi Mwanamkasi, wanakutaka urudi. Shilingi hamsini.”

“Ule mstari umekatwa?”

“Haukukatwa. Wanasema yaliyopita yamepita, mama. Wewe rudi tu.”

“Yamepita kwao. Kwangu yamekaa kitabuni, kwa wino, kwa mkono wako.”

“Mimi niliandika nilichoambiwa.”

“Na nilichokuambia miye hukukisema.”

 Karani akasema kwamba kamati itakaa Ijumaa ijayo, na safari hii atafika ndani. Atakiweka kitabu mezani kimefunguliwa ukurasa ule, na wakicheka, wacheke. Alipoona Mwanamkasi bado anasuka, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba, kama ni lazima, ukurasa anaweza kuuchana yeye mwenyewe, na hakuna atakayejua.

Hapo ndipo Mwanamkasi alipouweka ukili chini.

“Usichane,” alimwambia. “Ukichana, watu watasema hapakuwa na kitu. Nataka ukatwe kwa wino, nami nimesimama pale, na chini yake iandikwe kwamba mishipi ilikuwa mibovu tangu sandukuni. Wakifanya hivyo, kesho yake nitabeba debe langu nirudi kazini, hata kwa zile arobaini na mbili.”

Na wasipofanya?

Msafiri amekwisha kuinuka, fimbo ndefu begani, mshipi mweupe mkononi, mgeni wake anangoja. Mwanamkasi anamtazama mpaka anapokata kona, ndipo anajibu.

“Wasipofanya, mishipi yao wataniletea hapa hapa wakubwa wenyewe. Watakaa kwenye mkeka huu, wangoje shubiri yangu ya ukili iishe. Lakini Ijumaa nitakwenda, nitapita mlango wa mbele, na ingawa kusoma sijui, mstari uliokatwa nitautambua kwa macho.”