Mizunguko ya Tasbihi

Harufu ya vitenge vipya bado hunirudisha sokoni Kikuubo, Ramadhani ile nilipokuwa na miaka tisa. Shangazi Zuhura alikuwa mtu wa kupatana bei mpaka muuzaji atoke jasho; yeye pua haikung'aa hata kidogo. Siku hiyo robota la vitenge liliporomoka kutoka juu ya rundo, pembe yake ikampiga ubavu wa kushoto. Hakuchubuka, hakutoka hata tone la damu. Alijipangusa, akapunguziwa bei ili iwe pole, tukarudi nyumbani Bukoto.

Kufika alasiri nikawa sielewi kitu. Jua linachoma, naye ni baridi kama sakafu ya msikiti. Jasho linamtiririka, mdomo umekauka. Mwanamke ambaye sijapata kumwona akifungua kabla ya magharibi akaniambia, "Mwaju, lete maji." Nesi, jirani yetu, akaja na kipimo chake cha presha. "Presha iko sawa, Hajjati. Ni saumu tu hiyo. Futari si mbali."

Nilikuwa na mchezo wangu. Kila alasiri, adhana ikianza, nililala kifuani kwa Shangazi nikihesabu mapigo ya moyo wake kwa tasbihi yake ya punje tisini na tisa. Mpaka adhana iishe ni mizunguko miwili na kidogo. Siku hiyo ilikaribia minne. Nikadhani nimekosea. Msikiti wa pili ukaanza kuadhini, nikahesabu upya: ikapita minne.

"Nesi, moyo umezidi."

"Banange! Sasa wewe ndiye daktari?" Alicheka, lakini akamshika Shangazi mkono. Akambonyeza ukucha, akauachia, ukabaki mweupe, damu hairudi. Kicheko kikaisha. Akauliza kama ameumia popote, nikamweleza habari ya robota. "Tafuteni gari. Anavuja damu ndani."

Hospitalini walitoa bandama iliyopasuka.

Leo nina duka, na nimeelewa kiduka-duka. Damu ilipopungua, mwili haukumwuliza mtu ruhusa: ulibana mishipa, ukafunga vibanda vidogo vya ngozi na tumbo, ukaukimbiza moyo, ili kichwa kisikose mgawo wake. Presha ilisimama sawa kwa sababu mwili ulikuwa bado unapatana. Nisichoelewa mpaka leo ni vipi kitu kilichokuwa kikimwokoa kwa bidii hivyo nusura kitudanganye tumwache afe.

Shangazi sasa ni mzee. Adhana ya alasiri ikilia, bado nahesabu kwa tasbihi, sasa nikimshika mkono.

"Ngapi?"

"Miwili na kidogo."

"Hesabu tena," ananiambia, na wote wawili tunausubiri msikiti wa pili.