Kitunguu cha Straton

Straton Habiyaremye, baharia wa maboti ya mizigo ya ziwani kati ya Gisenyi na Bukavu, alikileta kitunguu kile cha maua mfukoni mwa koti mwaka 1951, akampa mkewe Mukantwari. Kilitoa shina moja nene, na juu yake maua mekundu makubwa kuliko kiganja. Kila kiangazi, majani yakishanyauka, mume na mke walikichimbua, wakakifuta udongo na kukiweka darini ndani ya kikapu kikavu. Mvua za Septemba zikianza, walikirudisha mbele ya mlango. Watu wa Nengo, mtaa wao, waliwacheka, na Nyirasafari, mamake Straton, aliwashinda wote.

"Kitunguu kisichoingia chunguni!" alisema. "Mwanangu amelishwa nini huko Bukavu?"

Julai 1954 Straton alikufa kwa homa ya mapafu. Kwa desturi yetu nyumba iliyofiwa ni nyeusi: mjane hapandi kitu mpaka ukoo ukutane na kuifanya nyeupe tena. Nyirasafari alitaka mwaka mzima. Mukantwari aliahidi mbele ya wakwe zake wote, na hapo ndipo alipokumbuka kikapu cha darini.

Mvua ilipoanza, jirani yake Saidati, mke wa fundi cherehani, Mwislamu, alikuja mlangoni.

"Dada, nipe mi nikupandie kwangu. Mi siko mu kilio yenu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Bon, kaa nayo. Itaoza, utalia mara mbili."

"Ya kwanza haikuniua, Saidati."

Wako watakaomwita mjinga, na kukumbusha kwamba hata padri hakuipenda desturi hiyo. Sibishani nao juu ya desturi. Nasema juu ya ahadi. Anayeazima mkono wa jirani ili ufanye alichoapa kutokifanya amekwisha kuivunja ahadi yake, na juu yake ameongeza uongo.

Oktoba, Mukantwari alipopanda darini kuchukua chumvi, alikuta kitunguu kimechipua. Bila udongo, bila tone la maji, kilikuwa kimesukuma shina jeupejeupe lililopinda kuelekea upenyo wa mwanga, na machipukizi ya maua yamevimba. Alikishika, akakikuta kimelegea. Alimwita mama mkwe wake.

Nyirasafari alisogeza kikapu kwenye mwanga. Kisha akanong'ona, "Ni yeye. Amekuja kutusalimu. Liache lichanue."

"Likichanua, mama, kitunguu kitakufa. Hakina pa kula. Kinajila chenyewe."

"Basi kipande udongoni!"

Neno lilikuwa limekwisha kumtoka. Wakatazamana.

"Niliahidi mbele ya ukoo, mama, si mbele yako peke yako."

Mukantwari alichukua kisu, akalikata shina karibu na kitunguu, maua yakiwa bado yamefumba. Mama mkwe alilipokea kwa mikono miwili, akaenda nalo kaburini kwa mwanawe bila kuaga.

Miezi iliyobaki kikapu hakikuguswa. Siku nyumba ilipofanywa nyeupe, shemeji zake walipokuja kutoka Kanama na mbegu za maharage za kufungulia upanzi, kitunguu kilikuwa kimesinyaa mpaka kutoshana na kitunguu saumu. Wanawake walinyoosha mikono kupokea mbegu, lakini Nyirasafari aliwahi jembe.

"Maharage yatangoja," alisema. "Tuanze na hiki."

Alichimba shimo mwenyewe, na Mukantwari akakiweka ndani, shingo juu. Kiangazi chote mwanamke yule mzee alikuja na kibuyu cha maji. Mvua zilipoanza, jani moja jembamba lilitokeza.

Ua halikutoka mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Lakini asubuhi, akienda sokoni, Nyirasafari alipitia pale, akainama, akalifuta jani vumbi jeusi la volkano kwa kidole. Habari za kitunguu kisichoingia chunguni hakuzitaja tena.