Niliandika "mbili" kwenye fomu ya maumivu, mzee wa Kapata akapooza

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi, Kongo. Hiki ninachoandika nimekifanya mwenyewe kwa mkono wangu. Mkitaka kunitukana, ruksa.

Mimi ni mtafiti. Thesis yangu inahusu maumivu sugu ya mgongo kwa wazee waliochimba shaba.

Kazi yenyewe nyepesi. Unafika kwa mtu, unamwomba apime maumivu yake, sifuri hadi kumi. Kuanzia nne kwenda juu, mradi wetu unampeleka kwa daktari Lubumbashi, picha ya mgongo na dawa bure. Chini ya nne, unashukuru unaondoka.

Mtaa wa Kapata, kwenye nyumba zilizojengwa na kampuni ya shaba kwa wachimbaji wake, nikamkuta mzee mmoja, tumwite Tata Ilunga. Nilivaa koti jeupe la daktari, na fomu mkononi, nikidhani ndiyo heshima.

Mzee hakuketi. Alijibu maswali yote amesimama, ameshika mlango. Nikamwuliza namba.

"Mbili, mama. Mi niko nguvu."

Mkewe akanisindikiza hadi barabarani.

"Mama docteur, andika munane. Kila asubui ni mi namuvalishaka suruali. Akikohoa, analia."

Nikamjibu kwamba utafiti unaandika maneno ya mgonjwa, siyo ya mke. Naona aibu hata kulichapa hilo. Jasho la mzee nililiona, na bado nikaandika mbili. Nikajiona mtafiti safi kabisa.

Miezi mitano baadaye nilirudi kwa awamu ya pili.

Tata Ilunga alikuwa kwenye godoro sebuleni, miguu haisogei. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshapooza. Kilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaotibika ukiwahiwa.

Mtasema mficha maradhi kifo humuumbua. Ngojeni kwanza.

Siku hiyo sikuvaa koti. Nilikaa chini, nikamwuliza kwa nini alinificha.

"Wakati ya kampuni, mama, docteur alikuwa anakuya na fomu vile vile. Ukisema unaumwa, anaandika asema hauna tena nguvu ya kazi. Mwezi unaisha, weye na batoto muko inje, nyumba banapatia mwengine. Mi niliogopa juu ya nyumba."

Wakuu, nyumba ile ni yake. Kampuni ilimuuzia zamani, karatasi anazo sandukuni. Ila alipoona koti na fomu, hakukumbuka karatasi.

Nilimwomba profesa wangu nibadilishe namba. Akasema data haiguswi. Kwa hiyo kwenye jedwali langu Tata Ilunga ana maumivu madogo, na huku mkewe anamgeuza usiku na mchana asipate vidonda.

Inaniuma sana.

Nililojifunza: kabla ya kumwuliza mtu anaumwa kiasi gani, muulize anaogopa nini akijibu. Na mke wa mtu akikukimbilia barabarani, msikilize.

Mwezi ujao naitetea thesis mbele ya maprofesa. Mama yule amesikia, ameomba aje kusikiliza tunasema nini juu ya mumewe.

Sijamjibu. Wakuu, ninyi mngemwambiaje?